Spika za marehemu baba: niziuze ninunue sabufa, au nizitengeneze?

Swali: "Assalamu alaykum ami. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete. Marehemu baba alifanya kazi Dubai, na mwaka 1989 alirudi na jozi ya spika za Kijapani, zile kubwa za mbao zenye duara tatu kila moja. Amplifaya yake ilikufa zamani. Spika zenyewe sasa zinakwaruza, na ukingo wa lile duara kubwa unapukutika ukiugusa. Nimetafuta Chake, nikavuka Unguja mpaka Darajani, nikakuta sabufa, saundibaa na spika za blutuuthi tu. Muuzaji mmoja kaniambia spika kama zangu hazitengenezwi tena duniani. Atazichukua kwa shilingi elfu hamsini na kunipunguzia bei ya sabufa ya wati 8,000. Mwengine ana amplifaya ya mtumba iliyotoka Japani. Nina laki nne. Ukumbi wetu ni wa tofali, chini una taili, mita 3 kwa 5. Nataka kusikiliza taarab ya zamani kama alivyokuwa akiisikiliza baba. Nifanye nini?"

Waalaykumu salaam mwanangu, na Mungu amrehemu mzee wako.

Usiziuze. Na hiyo amplifaya ya Japani, hata ukipewa bure, usiichomeke ukutani kabla hujafika nitakapoieleza huko chini. Mengine yote yanaweza kusubiri mpaka umalize kusoma.

Nianze na huyo muuzaji, maana maneno yake yana nusu ya ukweli na nusu hiyo ndiyo inayouma. Spika za nyumbani za namna ile bado zinatengenezwa, tena nzuri kuliko zamani, lakini zimetoweka katika maduka ya kwetu na hata katika maduka mengi ya Ulaya. Sababu yake, kwa nionavyo mimi niliyeshika chuma cha kuchomelea risasi tangu enzi za redio kaseti, ni moja kubwa: wati zimekuwa rahisi.

Zamani wati zilikuwa ghali. Amplifaya ya wati 30 ilikuwa na transfoma zito na mapezi ya kupoza joto, na mtu aliiuza karafuu ya msimu mzima ili aipate. Kwa hiyo spika ilibidi ijitegemee: iwe na boksi kubwa na wufa (lile duara kubwa la besi) pana, itoe sauti nyingi kwa umeme mdogo. Kuna kanuni ya mhandisi wa Kimarekani, Hofmann, ambayo mafundi wa spika wote wanaiheshimu. Inasema hivi: besi ya chini kabisa, boksi dogo, na kula umeme kidogo, hivyo vitatu huwezi kuvipata pamoja. Chagua viwili. Mwaka 1954 Mmarekani mwengine, Edgar Villchur, alitoa spika iitwayo AR-1 ambayo boksi lake lilizibwa kabisa na hewa ya ndani ikawa ndiyo springi ya wufa. Besi ikashuka chini sana katika boksi lililowezekana kuwekwa rafuni, na watu walistaajabu, lakini malipo yake yalikuwa kudai umeme zaidi. Kanuni haikuvunjika.

Leo kipande cha amplifaya cha daraja D, kikubwa kama ukucha, kinatoa wati ambazo baba yako angezipata kwa mzigo wa kilo kumi na zaidi, na sehemu kama tisa kwa kumi za umeme kinaoula kinaupeleka kwenye spika badala ya kuufanya joto. Wati zikishakuwa rahisi, mtengenezaji anachagua boksi dogo na besi, halafu anailipa kanuni kwa umeme. Hapo ndipo saundibaa, sabufa na spika za blutuuthi zilipotokea. Televisheni nazo zikawa nyembamba kama sinia zikakosa pahala pa kuweka spika ya maana, simu ikachukua kazi ya deki, na watu wa miji mikubwa wakahamia vyumba vidogo vyenye jirani ukutani. Spika ya mbao ya kimo cha mtoto wa darasa la kwanza ikakosa pa kukaa.

Kampuni zenyewe zimemezana. Samsung ilimaliza kuinunua Harman, wenye JBL, mwaka 2017 kwa dola bilioni 8, na sababu kubwa ilikuwa biashara ya vifaa vya ndani ya magari, si kumbi za watu. Mwaka 2025 Harman nayo ikazichukua Bowers & Wilkins, Denon na Marantz kwa pamoja. Bose ilikuwa imeshainunua McIntosh mwaka 2024. Majina uliyoyaona nyuma ya vifaa vya baba yako, mengi leo yako chini ya mwenye mali ambaye hakuyaanzisha. Katikati ya soko, pale mwalimu au karani alipoweza kujibana mwaka mmoja akanunua jozi nzuri, ndipo palipopungua. Juu kuna spika za bei ya gari, chini kuna plastiki. Lakini si haki kunyamazia upande wa pili: kuna spika za leo zenye amplifaya ndani na kompyuta ndogo ya kusawazisha sauti ambazo ni kazi ya kweli kabisa. Kampuni ya Uingereza KEF ilitoa LS50 mwaka 2012, na mwaka 2016 ikatoa aina yake yenye amplifaya ndani. Nani atasema hiyo si spika? Iko mbali na laki nne tu.

Sasa tazama Wete. Pemba imepata umeme wa gridi kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, na kabla ya hapo tulikuwa na majenereta ya dizeli. Unajua mwenyewe umeme ukikatika huwaje. Kwetu wati bado hazijawa rahisi. Spika kubwa inayotosheka na umeme kidogo, ile ambayo wenye nyumba ndogo za Ulaya wameichoka, ndiyo inayotufaa sisi.

Kwa hesabu: spika kubwa nyingi za Kijapani za wakati ule hutoa kama desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja ukiwa mita moja. Spika ndogo za leo nyingi hutoa 84 au 85. Tofauti ya desibeli 6 inaonekana ndogo, lakini kila desibeli 3 ni kuongeza wati mara mbili, kwa hiyo ndogo inataka wati mara nne ili ilingane na kubwa. Spika za baba yako ukizifunga kwenye amplifaya ndogo ya daraja D inayotumia betri ya gari ya volti 12, utapata wati kama saba au nane kila upande, na katika ukumbi wa mita 3 kwa 5 jirani zako watakuja kukuuliza harusi ni ya nani.

Na hizo wati 8,000 za sabufa? Mwanangu, soketi ya ukutani kwako ni ya ampea 13. Zidisha kwa volti 230: haipiti wati 3,000. Hakuna kinachoweza kutoa kwa muda wote zaidi ya kile kinachoingia. Namba ile ya mbele ya boksi huitwa PMPO, haina kipimo kinachokubaliwa na yeyote, na kila mtengenezaji anajiandikia apendavyo. Geuza sabufa, usome kibandiko cha nyuma kinachosema inakula wati ngapi. Nimezigeuza nyingi zilizoandikwa maelfu mbele, nyuma zikasema 60.

Kibaya zaidi kuliko wati ni pengo. Vile visipika viwili vidogo vinavyokuja na sabufa vina karatasi ya inchi tatu, na chini ya hezi 200 havina nguvu (hezi ni mitetemo kwa sekunde; ikiwa michache, sauti ni nzito). Lile boksi la besi nalo limetegewa tundu lake livume kwenye hezi 60 au 70 hivi, na juu ya 100 limeshachoka. Kati ya 100 na 200 panabaki shimo. Na ndani ya shimo hilo ndimo ulimo mwili wa udi, kifua cha mwimbaji wa kiume, na tumbo la dumbaki. Selo huanzia hezi 65, besi kubwa la kusimama huanzia 41. Ukipiga taarab asilia kwenye sabufa ya namna hiyo utasikia fidla na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, zinalia juu, na chini kuna ngurumo ya noti moja isiyojua wimbo unakwenda wapi. Kwa singeli pengine inatosha. Kwa wimbo ulioimbwa na kundi la fidla, akordioni, udi na besi, inakata mti katikati.

Basi turudi kwenye spika zenyewe. Ukingo unaopukutika ni sponji ya polyurethani. Huoza kwa unyevu wa hewa hata spika ikiwa imefunikwa shuka na haipigwi, na kwa hewa ya visiwa vyetu huoza mapema. Si ugonjwa wa spika, ni kama soli ya kiatu. Karatasi, koili (ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, ndani ya sumaku) na sumaku yenyewe huenda ni vizima. Hakikisha hivi: chukua mita ya fundi wa umeme, pima omu (ukinzani) kwenye nyaya za kila wufa. Spika iliyoandikwa omu 8 itaonyesha kati ya 5.5 na 7. Ikionyesha umeme haupiti kabisa, koili imekatika, na hapo habari ni nyengine. Kisha weka vidole vya mikono miwili pande mbili za kile kikofia cha katikati, sukuma taratibu na kwa usawa. Ikienda kimya, koili iko salama na mkwaruzo unaousikia ni sponji iliyoachia ikaipindisha karatasi. Ikikwaruza ukiwa unasukuma sawasawa, mwachie fundi. Wakati huo huo usizipige tena hata kidogo: kila wimbo mmoja sasa unasugua koili kwenye chuma, na koili ikichubuka ndiyo elfu hamsini ya muuzaji inaanza kuwa bei ya haki.

Sponji mpya zinauzwa kwa jozi na huagizwa kwa vipimo. Usipime fremu tu, pima karatasi yenyewe ukingoni mwake, upana wa lile vimbe, na mduara wa ndani wa fremu, kwa sababu inchi 10 za kampuni moja si inchi 10 za nyengine. Utaambiwa ununue mpira badala ya sponji ili udumu. Mpira unadumu kweli, lakini ni mzito na mgumu zaidi; wufa iliyoundiwa sponji ikivishwa mpira hubadilika tabia, na boksi lilipimwa kwa tabia ya mwanzo. Mimi huweka sponji ilipokuwa sponji, nikijua mtu atarudi baada ya miaka kumi na kitu. Wapo mafundi ninaowaheshimu wanaofanya kinyume, lakini masikio yangu hayajakubaliana nao.

Kazi yenyewe inataka subira. Gundi ya zamani ikwanguliwe yote. Sponji igandishwe kwanza kwenye karatasi, iachwe ikauke kabisa. Halafu ndipo ukingo wa nje ugandishwe kwenye fremu, na hapa ndipo spika hufa au hupona: koili lazima ikae katikati ya tundu la sumaku, nafasi ya unene wa karatasi ya daftari kila upande. Fundi mzuri hukata kile kikofia, akapachika vipande vya karatasi kuzunguka koili mpaka gundi ishike, kisha akakirudisha. Mwengine hupiga sauti ya hezi 30 polepole akisikiliza mkwaruzo huku akisogeza kwa vidole. Ukimpelekea fundi, muulize anaiwekaje koili katikati. Akisema "nakadiria kwa macho," chukua wufa zako uende.

Mkiwa mmeshafungua, tazameni krosova, kile kibao chenye koili za shaba na kapasita kinachogawa sauti kwa twita (lile duara dogo la sauti nyembamba) na wenzake. Kapasita za umri wa miaka thelathini na zaidi zimekauka, na twita husikika kama imezibwa na pamba. Ziwekwe za filamu za thamani ile ile ya maikrofaradi, volti isipungue ya zamani. Asiziweke zile za kawaida zenye alama ya hasi na chanya. Umeme wa muziki unakwenda na kurudi, na kapasita ya namna ile haikuumbiwa hivyo. Baada ya hapo sauti za juu zitang'aa zaidi ya ulivyozoea. Zikikukera, fundi aunge kizuizi (resista) kidogo cha nusu omu au omu moja kwa mfululizo na kapasita ya twita.

Sasa amplifaya ya Japani. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Kifaa kilichotengenezwa kuuzwa huko kwao kimeandikwa nyuma AC 100V, 50/60Hz. Hizo hezi hazina shida, shida ni volti. Miaka ya nyuma nililetewa moja iliyonunuliwa katika duka moja la mtumba hapa mjini, muuzaji kamwambia mteja "inakula umeme wote." Ilikuwa kitu kizuri, mtu ameikesha akiifuta vumbi. Aliichomeka nyumbani kwake kabla ya kunionyesha. Transfoma likaungua kabla hajaweka wimbo, na likachukua vitu vingi pamoja nalo. Nilikaa nayo wiki nzima nisipate la kumwambia. Ukiitaka ya Japani, nunua pamoja nayo transfoma la kushusha 230 mpaka 100, na uwezo wake uwe angalau mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Ingawa kwa wewe wa Wete mwenye laki nne, ningekushauri ile ndogo ya daraja D inayotumia volti 12 mpaka 24. Utaipiga kwa adapta umeme ukiwepo, kwa betri ukikatika. Haina sura, ni kijisanduku cha bati, lakini kwa spika za desibeli 90 inatosha na kubaki.

Simu uiunge kwa waya. Blutuuthi inafinya muziki ili upite hewani, na ingawa kwa maongezi ya redio huwezi kutambua, kwenye mkia wa sauti ya kanuni, pale uzi unapofifia, utausikia umekatwa.

Ukumbi wako ndio unaonitia wasiwasi kuliko spika. Saruji iliyopigwa lipu na taili hurudisha karibu sauti yote inayozigonga. Nenda kasimame katikati upige kofi moja: ukisikia mlio kama wa waya unaotikisika, hiyo ndiyo itakayovaa kila herufi ya mwimbaji. Majumba ya Mji Mkongwe yana vyumba virefu vyembamba kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, kama mita 3, sawa na wa kwako; lakini kuta zao za mawe na chokaa hazikunyooka, zina vidaka, na vyumba vilijaa mikeka, mito na mapazia, kwa hivyo sauti ilivunjika njiani. Wewe weka zulia zito baina yako na spika, pazia nene kwenye dirisha, na ukuta wa nyuma yako weka kabati la vitabu vyako vya skuli, vitabu vya urefu tofauti. Spika zikae kwenye ukuta mfupi, zipige kwa urefu wa chumba, nusu mita kutoka ukutani na zisiingie pembeni kabisa, maana pembe huongeza besi isiyo yake. Twita ziwe usawa wa sikio la aliyekaa. Nawe usikae ukiwa umegusa ukuta wa nyuma: chumba cha mita 5 kina wimbi lake la hezi 34 linalorundika besi kwenye kuta mbili za mwisho. Sogeza kiti mbele mita moja, usikie tofauti.

Waya mwekundu uende kwenye nyekundu kwa spika zote mbili. Ukikosea moja, besi itapotea na mwimbaji atakuwa kama anaimba kutoka kila pembe. Jambo dogo, na nimelikuta katika nyumba za watu wengi wanaojua muziki.

Ukishamaliza hayo yote kitabaki kitu katika laki nne zako, na hapo sitaki ununue tena chochote cha sauti. Muziki wenyewe una mipaka yake. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri za zama zile hazivuki sana hezi 5,000 au 6,000. Twita ya bei ya nyumba haiongezi neno pale, inaongeza mikwaruzo. Kilichomo ni sauti ya kati, na hiyo ndiyo wufa pana na boksi la mbao huibeba vyema.

Hukuzitaja kanda za mzee, lakini mtu aliyebeba spika zile kutoka Dubai hakukosa kaseti. Zikiwepo, usianze na ile unayoipenda. Fungua kila moja utazame kijipedi kidogo kinachoibana kanda kwenye kichwa cha deki: gundi yake huachia kwa umri kama sponji ya wufa zako, na bila hicho sauti hufifia na kurudi. Safisha kichwa na kile kiringi cha mpira kwa spiriti na pamba, peleka kila kanda mbele mpaka mwisho na kuirudisha bila kuipiga, ili iachane na kunata. Kisha piga mara moja tu, huku ukiinakili kwenye kompyuta, na uandike jina la wimbo pale pale unaposikia, hasa zile alizorekodi mwenyewe kutoka redioni au kwenye harusi, kwa kuwa hizo huenda hakuna mwengine aliye nazo.